Ukungu wa Mama Picha

Mtaani kwetu Temeke kila mtu alimwita Mama Picha. Alikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake, na kamera yake ilikuwa ya filamu, ile ya kuvuta kwa kidole gumba na kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono. Alikuwa ameapa mbele za watu, tena zaidi ya mara moja, kwamba siku atakayomkabidhi mtu picha yenye ukungu, kamera ataiweka chini na hataishika tena. Kiapo chenyewe hakuna aliyemwomba. Lakini ndicho kilichokuja kututia jakamoyo sie tuliompenda, maana ulifika wakati picha zake zote zilikuwa na ukungu, na mtu pekee asiyejua hilo mtaa mzima alikuwa yeye.

Huko nitafika. Kwanza umjue.

Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti yake ilimfaa mpiga debe. Akicheka, mashine yangu ya fotokopi ilitikisika, au angalau mie ndivyo nilivyomwambia. Alivaa kanga moja kiunoni na nyingine begani, na ile ya begani ilifuta jasho, machozi ya mabibi harusi na midomo ya watoto waliotoka kula pilau. Lenzi ilikuwa na kitambaa chake peke yake, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Ukikigusa kile kitambaa mmegombana.

Watu wa bara wenzangu huniuliza, hivi zama hizi bado kuna mtu anapiga picha za filamu? Nawaambia njooni Temeke. Harusi za Pwani zina siku ya wanawake peke yao. Mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wazima na heshima zao wanakata kiuno. Simu zote zinaachwa mlangoni ndani ya beseni, na somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda mwali, analilinda beseni hilo kama kuku anayeatamia. Maana picha ya simu ikitoroka mle ndani, magharibi haijaingia iko Mbagala, na kesho yake iko kwa shemeji yako Tanga.

Kamera ya Mama Picha peke yake ndiyo iliyopita beseni. Haikuwa na kioo cha kutazamia picha iliyokwisha kupigwa wala pa kuirushia. Filamu alizisafisha mwenyewe, akaja kuziskani dukani kwangu, tukachapa, tukafuta kila kitu kwenye kompyuta, kisha filamu yenyewe akaipeleka mkononi kwa mama wa bibi harusi. Alikuwa akisema hataki kulala chumba kimoja na nywele za watoto wa watu.

Na hapo ndipo alipokuwa kituko. Picha hakumwonyesha mtu, hata umpigie magoti, lakini mdomo wake haukuwa na beseni la kuachwa mlangoni. Nani kamnunia nani, nani kaja na gauni la kuazima, nani kasukumana na wifi yake kwa ajili ya kiti cha mbele, yote niliyapata moto moto kabla skana haijapasha. Nikimwambia, mbona unatoa siri za watu, alishangaa kwa dhati. Kwake siri ilikuwa ile inayoonekana. Maneno ni maneno tu, yanapita.

Kamera yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, rangi imechubuka pembeni mpaka shaba ikatokeza. Kipimo chake cha mwanga kilikuwa kimekufa zamani, naye hakukifanyia matanga. Alinyoosha kiganja chake mbele ya bibi harusi, akakitazama, akabinua mdomo, kisha akazungusha namba. Wageni walidhani anasoma dua, na wengine waliitikia amina.

Ila kazi hasa ilikuwa kwenye ile pete. Ukichungulia ndani ya kamera yake unaona kiduara katikati ya kioo. Picha isipokaa sawa, uso wa mtu unakatika pale kwenye duara, nusu ya pua huku, nusu nyingine kule. Unazungusha pete polepole, vipande vinasogeleana, mpaka pua inarudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo unabonyeza, si kabla. Maneno hayo aliyageuza msemo wa kila jambo. Mke na mume wakigombana mtaani, aliwaambia nyie msiamue chochote leo, subirini pua irudi kwa mwenyewe. Aliwahi kumwambia hivyo mwenyekiti wa mtaa katikati ya mkutano wa taka, na mkutano ukaahirishwa kweli.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya wapangaji, bafu moja kwa wote. Asubuhi za kusafisha filamu alijifungia humo na kopo lake jeusi na dawa zake. Saa hakuiamini. Muda aliupima kwa kuimba taarabu, na kila dawa ilikuwa na beti zake. Wapangaji walijipanga nje na ndoo na sabuni, wakisikiliza amefika wapi, na wimbo ukikaribia mwisho, aliyekuwa mbele alianza kuvua ndala. Siku moja mpangaji mgeni aligonga mlango katikati ya ubeti. Mama Picha akapotea, ikabidi aanze ubeti upya, na filamu ikatoka nzito kiasi kwamba tulihangaika nayo kwenye skana mpaka jioni. Yule mgeni wakamwita Kiitikio, na jina likamganda mpaka anahama.

Kuskani nako kulikuwa sinema. Vumbi la Temeke mnalijua, malori ya bandarini hayalali. Akifika alimwaga maji mlangoni, akazima feni bila kuniuliza, akafunga dirisha. Kisha alitoa kile kimpira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga na kupuliza filamu kipande kwa kipande, mie natokwa jasho kama niko jikoni. Kioo cha kompyuta tulikigeuzia ukutani. Mwanamume yeyote aliyekuwa dukani alitolewa nje, hata kama fotokopi yake imefika nusu, wakawa wanasimama juani wanajipepea na vyeti vyao vya kuzaliwa. Wengine walilalamika kwamba wana haraka ya ofisini. Mama Picha aliwaambia ofisi haina nywele.

Sasa niseme habari ya utani wetu, maana ndio uliotaka kuharibu kila kitu. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora, nililetwa Dar na ndoa. Yeye Mzaramo wa hapahapa. Wazee wangu walishuka na mizigo mpaka Pwani, wazee wake wakawapokea, na toka enzi hizo sie ni watani. Tunatukanana bila kununiana, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza nilipofungua duka nilimwamkia kama mtu mwenye adabu zake. Akarudi nyuma, akasema shikamoo ya mpagazi hapokei, asije akabaki na mzigo kichwani. Basi sikumwamkia tena. Miaka yote ile siku yetu ilianza kwa matusi. Aliniuliza kama leo nimeshusha mzigo salama, nami nilimuuliza kama jana ngoma ilimwacha apike au ugali uliungua.

Nilimpenda yule mama. Nasema wazi. Dukani kukiwa kimya nilijikuta nachungulia mlangoni kama mtu anayengoja posa.

Ukungu ulianza kidogo kidogo. Kwanza niliona nyusi za bibi harusi mmoja zimeyeyuka. Nikadhani katingisha mkono. Wiki kadhaa baadaye ikaja harusi nzima haina macho wala meno, vivuli tu vinavyopendeza. Nikamwambia, mtani, picha zako siku hizi zinapapasa. Akasogeza uso kwenye kioo, akatazama, akasema kompyuta yangu imezoea asali ya Tabora, kila kitu inakitoa kizito. Nikamwambia tena siku nyingine, mtani, macho yako yana kasoro, nenda hospitali. Alicheka mpaka akakaa chini, akanisifu kwamba utani wangu sasa umekomaa, nimeanza kuwa mtu wa Pwani. Nikajaribu kwa ukali. Akajibu kwa ukali zaidi na kunishika mkono kwa furaha.

Hapo nikaona balaa nililonalo. Mtaa mzima mie peke yangu ndiye niliyepewa ruhusa ya kumwambia chochote, na chochote nilichosema hakikusadikika.

Wengine walimwonea haya, mtu mzima yule. Na mabibi harusi, nisikudanganye, walizipenda zile picha. Mmoja alisema chunusi zimemwisha bila hata kupaka kitu. Mama mmoja alijiona kapungua miaka, akaomba nakala za kupeleka kijijini kwa mke mwenzake wa zamani. Sifa zikasambaa kwamba Mama Picha ana ulaini wake ambao mashine za kisasa hazina. Akaanza kuitwa mpaka Sinza. Naye akasimama barazani kwangu, kifua mbele, akatangaza kwamba hatimaye watu wameanza kujua ukali wa picha ni nini, na akarudia kiapo chake palepale, mbele ya muuza kahawa na wateja wake. Muuza kahawa alinitazama. Mie nikatazama chini.

Roho haikutulia. Nikinyamaza, anaendelea kuapia kitu kilichokwisha kuvunjika, na ipo siku mtu mwenye roho mbaya angemwumbua ukumbini. Nikifaulu kumwambia, ataiweka kamera chini, maana namjua, neno lake hakuwahi kulivunja. Na Mama Picha bila kamera sikuweza kumfikiria. Angebaki nani? Mama mmoja mrefu mwenye kelele.

Halafu nikaanza kuona mengine. Alikuja na ndala za rangi mbili, moja yake, moja ya mpangaji mwenzake. Alimkaripia mwanamume aliyebaki dukani wakati wa kuskani, na mwanamume mwenyewe lilikuwa koti langu la mvua kwenye msumari. Nilicheka, kwa kweli. Lakini asubuhi moja alikatiza barabara kuja kwangu, na bodaboda ikampita karibu mpaka kanga ya begani ikavutwa. Hakuiona. Alidhani ni upepo. Akafika mlangoni, akaniuliza kama kwetu Tabora watu wamejifunza kuvaa viatu.

Nilitoka nyuma ya meza, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa kwetu, nikasema, "Shikamoo, mama."

Alishika mlango. Uso ulimshuka wote.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, mama. Ni macho yako. Huoni."

Malori yalipita, mteja akaja akaondoka. Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Kisha alipapasa mpaka akapata kiti, akakaa, akaweka mkoba wa kamera magotini.

"Marahaba," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Hakuuliza habari ya picha, nami sikuongeza neno. Wiki ileile nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba dawa yake ni kuondolewa tu. Mama Picha akamwambia katika kuzaa kote hakuna mtoto aliyemsumbua hivi bila kumnyonyesha. Nikajua anajikaza. Kabla ya kwenda kufanyiwa upasuaji, alinikabidhi filamu ya harusi ya mwisho aliyoipiga, ameshaisafisha. Akaniagiza niiskani lakini nisichape hata moja mpaka aione yeye mwenyewe kwa macho mapya. Mkono wake ulichelewa kuiachia ile filamu.

Baada ya hospitali bintiye alimchukua Goba apumzike. Niliwaachia muda, kisha Jumapili moja nikitoka kanisani, ibada ya kwanza, nikabeba laputopu na kumfuata. Goba ni vilima tupu. Bajaji iliishiwa nguvu katikati ya mlima, ikanibidi nimalizie kwa miguu, viatu vya kanisani mkononi. Kabla sijafika getini nikasikia sauti kutoka barazani ikiuliza ni mpagazi gani huyo anayehema vile, na mzigo wake uko wapi. Alikuwa ameniona tangu kule chini. Nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alikuwa amevaa miwani myeusi, amenenepa kidogo, analalamika kwamba huku watu wanaishi juu kama mbuzi na jirani wa karibu humsikii hata akimpiga mkewe. Alinivuta kiti. Alitaka picha kabla ya chai.

Nikafungua.

Ya kwanza ilikuwa bibi harusi kwenye kiti chake. Uso hauna macho, hina imekuwa doa. Lakini nyuma yake, jamani, nyuma yake kila kitu kilikuwa kikali kama wembe. Kule nyuma wapishi wamesimama mlangoni. Mmoja anaonja mchuzi kiganjani, jicho moja kalifumba, unahesabu mpaka matone ya jasho puani. Ya pili, bibi harusi ukungu, na nyuma yake shangazi anazika sambusa kwenye mkoba. Ya tatu, bibi mmoja kalala mdomo wazi katikati ya vigelegele, na jino lake la pekee linang'aa. Filamu nzima iko hivyo. Pete ilikuwa inampitiliza bibi harusi na kwenda kutua kwa watu ambao hakuna anayewapigaga picha.

Mama Picha alivua miwani. Alitazama moja moja, pua karibu na kioo. Kwa yule wa sambusa alicheka, akakumbuka daktari kamkataza kujikakamua, akaziba mdomo kwa kanga akaendelea kucheka kwa mabega. Kisha akanigeukia.

"Na zilizopita? Zote zilikuwa na ukungu hivi?"

"Karibu zote, toka mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kila wiki, mtani."

Alifungua mdomo anitukane. Akaufunga. Nilimwona anazikumbuka zile wiki, moja baada ya nyingine. "Kweli uliniambia," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na ule mkoba, akauweka mezani mbele yangu. Akasema aliapa kwa hiari yake na hakuna wa kumlaumu. Atamwambia mkwewe amtafutie mtu wa kuinunua. Aliyasema hayo kwa utulivu, tena akanikaribisha chai. Ila kiganja chake, kile cha kupimia mwanga, kilikuwa bado kimelala juu ya mkoba, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye yale macho mapya.

Sijui nilikotoa ujasiri. Niliuchomoa mkoba chini ya mkono wake, nikaukumbatia, nikasimama.

"Nimeteka," nikasema.

Nyie mlio na watani mnajua. Mtani akiteka kitu chako, si wizi, na huruhusiwi kukasirika wala kumshtaki popote. Hata msibani mtani anaweza kuteka jeneza lisitoke. Njia ni moja tu, ukomboe kwa anachotaka yeye. Mama Picha alinikodolea macho. Akajaribu kusema siku hii si ya utani. Nikamwambia utani hauchagui siku, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo kwa miezi yote niliyokuwa nasema kweli.

"Unataka nini?"

"Picha moja. Yangu. Uipige wewe, sasa hivi, na isiwe na ukungu."

"Nimeshaacha kazi, mtani."

"Basi kamera inalala Tabora."

Bintiye alikuwa amesimama mlangoni na birika, hathubutu hata kumimina. Mama Picha alinitazama, akautazama mkoba, akatukana ukoo wangu mzima kwa mpangilio, toka kwa wapagazi wa kwanza mpaka kwa mume wangu ambaye si hata Mnyamwezi. Halafu akanyoosha mkono. Nikampa.

Ndani ya mkoba kulikuwa na filamu moja iliyobakia, akaipachika. Alinikalisha ukingoni mwa baraza, jua la asubuhi linanipiga ubavuni. Akanyoosha kiganja, akakitazama, akabinua mdomo. Akainua kamera na kuanza kuzungusha ile pete. Alizungusha kwenda, akazungusha kurudi, taratibu, mdomo wazi kama mtoto. Kisha akaacha kuzungusha. Akaishusha kamera kidogo, akanitazama kwa macho matupu, akairudisha jichoni.

"Kumbe umezeeka hivi?" alisema taratibu. "Na mie nimekaa nawaambia watu Mnyamwezi wangu hazeeki."

Nikaangua kicheko. Hapo akabonyeza.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye harusi Mbagala, amepita beseni la simu na kamera yake begani. Kiapo anasema nimekiteka pamoja na mkoba, na kukikomboa hana haja. Ile harusi ya mwisho tuliwapelekea wenyewe jinsi ilivyo, akaomba radhi kwa mdomo wake, na wapishi wote wakataka nakala.

Picha yangu nimeitundika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Iko kali mno. Mistari yote ya uso imo, mvi zimo, na pengo nililokuwa nalificha limo. Wateja wakiuliza huyo bibi anayecheka ni nani, nawaambia ni mie, na kwamba mtani wangu anaona vizuri sana.